Kazi ya Kila Saa

Watu waliponiuliza ninafanya kazi gani, nilikuwa nikiwajibu kwamba nafanya kazi ambayo ukiiona, ujue imeharibika. Walicheka, nami niliwaacha wacheke, kwa sababu kueleza zaidi ni kujichosha bure. Siku hizi siulizwi sana. Lakini mkasa huu hauelezeki bila kuieleza kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ofisi yetu ina tovuti ya kutafuta watu waliopotea. Ukipotelewa na ndugu yako unaingia pale, unaandika umri wake, alama za mwilini, nguo alizovaa, na namba yako ya simu. Upande wa pili, hospitali na vituo vya polisi wanaandika watu waliowapokea bila kujulikana ni nani. Kati ya pande hizo mbili hakuna binadamu. Kuna mtambo, na ndani ya mtambo kuna kazi niliyoiandika kwa mikono yangu, inayoamka yenyewe kila saa. Inachukua orodha ya waliopotea, inailinganisha na orodha ya waliopatikana, na kila inapoona wanaofanana inaweka ujumbe kwenye foleni. Halafu inatuma ile foleni, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwenye simu za ndugu: nenda hospitali fulani, wodi fulani, kitanda fulani, kuna mtu anayefanana na wako. Ikimaliza inalala mpaka saa inayofuata.

Ilikuwa kazi nzuri, na niliipenda kuliko nilivyowahi kukiri mbele ya watu.

Shida ilikuwa mkurugenzi wetu. Tulimwita Kijani, yeye asijue, au labda alijua akajitia hamnazo. Ukutani pale mapokezi kulikuwa na ubao wa kioo unaoonyesha kazi zote za mtambo, kila moja na taa yake: kijani imemaliza, njano inaendelea, nyekundu imeshindwa. Kazi ya kila saa ilikuwa nzito, ilichukua dakika arobaini, kwa hiyo taa yake ilikuwa njano karibu kutwa. Wageni wakija kukagua, Kijani aliwasimamisha mbele ya ubao huo kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani.

"Fundi, mbona njano?" aliniuliza.

"Bado inafanya kazi, mkuu."

"Wageni hawaelewi bado. Wageni wanaelewa kijani."

Alinijia na neno hilo mara tatu. Mara ya nne nilikuwa na njaa na hasira, na asubuhi hiyo nilichukua ule mstari unaosema "nimemaliza", uliokuwa mwisho wa kazi, nikauweka mwanzo. Tangu hapo kazi ikiamka inatangaza kwanza kwamba imemaliza, ndipo inaanza kufanya.

Usinicheke. Wewe mwenyewe umewahi kumwambia mtu kwenye simu "niko njiani, nakaribia," huku umejifunga taulo unatafuta sabuni. Sote tunafanya hivyo, na hakuna anayekasirika, maana hata huyo uliyemwambia bado hajatoka kwake. Mimi niliufundisha mtambo adabu zetu tu. Kijani alifurahi mpaka akaniletea chai mezani kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea ofisini kwetu. Niliinywa.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa malori kwa miaka arobaini. Alipostaafu, yeye na mama mkwe walihamia kwetu, na baada ya muda akili zikaanza kumtoka kidogokidogo. Alianza na majina ya wajukuu, ikafuata siku ya leo, mwishowe hata jina lake mwenyewe likawa linamponyoka. Barabara hazikumtoka. Ungemwuliza kona baada ya kona mpaka miji ambayo sijawahi kuikanyaga, angekutajia hadi mti uliokatwa.

Jumatatu moja asubuhi mama mkwe alienda uani kuanika nguo. Aliporudi, kiti cha mzee kilikuwa kitupu na geti liko wazi.

Tulitafuta mtaa mzima, tukatafuta sokoni, tukatafuta kule malori yanakopakia mizigo, tukaambiwa hawajamwona. Mchana huohuo nilikaa nikamwandika kwenye mtambo: mwanamume, miaka sabini na minne, kovu kwenye sikio la kushoto, sweta ya bluu iliyokosa kifungo kimoja, hajui jina lake vizuri. Namba ya simu niliweka ya mke wangu, kwa sababu simu yangu huisha chaji. Kijani akanipa ruhusa ya siku zote nitakazohitaji.

"Nenda katafute mzee," aliniambia. "Mtambo upo, utafanya kazi yake."

Basi nikawa mtu wa kubandika picha. Niliamka na ndoo ya gundi na burashi, nikazunguka kutwa, nguzo kwa nguzo, ukuta kwa ukuta, mpaka vidole vikawa vinashikana. Asubuhi, mchana na jioni mama mkwe alikuwa na swali moja.

"Mwanangu, mashine yako inasemaje?"

Nilitoa simu, nikaufungua ule ubao, nikaona kijani. "Imepita saa hii hii, mama. Ingemwona ingetuambia."

"Basi yuko mahali ambapo hawajamwandika," alisema, na kurudi kwenye kiti cha mumewe. Alikuwa ameanza kukikalia yeye, mtu mwingine asije akakikalia.

Siku ya nne mke wangu alisema tuzunguke hospitali za miji ya mbali, moja baada ya nyingine. Nilimwambia atachoka bure. Hospitali zote hizo zinaandika kwenye mtambo, nikasema, na mtambo una macho mengi kuliko sisi. Nilimwambia kwa upole wa mtu anayejua. Akakubali, kwa sababu katika mambo hayo mimi ndiye niliyekuwa fundi wa nyumba.

Siku ya kumi, Jumatano, nilipita ofisini kuchapa picha nyingine. Pale mapokezi nilimkuta mwanamume mwenye shati lililotobolewa na cheche, mchomeleaji bila shaka, anagombana na dada wa mapokezi.

"Nimekuja mfute tangazo langu," alisema. "Dada yangu nimempata mwenyewe, kwa miguu yangu. Hospitali wananiambia walimwandika kwenu tangu Ijumaa. Nyinyi mlikuwa mnangoja nini?"

Dada wa mapokezi aliugeukia ubao, akamwonyesha. "Lakini kaka, ona, kila kitu kiko sawa." Halafu akanitazama mimi na sauti yake ikashuka. "Fundi, sasa ndiyo nakumbuka. Wiki nzima hii hakuna mtu hata mmoja aliyepiga kushukuru."

Nilikwenda kwenye meza yangu bila kumuaga yule mchomeleaji, nikafungua daftari ambalo mtambo hujiandikia kila unachofanya. Sikuhitaji kusoma sana. Jumapili, siku moja kabla mzee hajapotea, mtu fulani aliandika tangazo, na kwenye nafasi ya namba ya simu akaweka namba yake, kisha maneno "ukinikosa jaribu ya jirani", kisha namba ya jirani. Mtambo hauwezi kutuma ujumbe kwa sentensi. Ulipofika hapo ulianguka, kazi ikakatika. Saa iliyofuata uliamka, ukatangaza umemaliza, ukaanza foleni tangu mwanzo, ukamkuta yuleyule, ukaanguka tena. Ni kama dirisha la huduma ambalo mtu wa kwanza amekwama mbele yake, na bango juu linasema huduma zinaendelea.

Yule aliyeandika simlaumu. Nani kati yetu hajawahi kutoa na namba ya jirani? Lakini kama ningeuacha ule mstari mahali pake, ubao ungekuwa mwekundu tangu saa ya kwanza, na ningelitengeneza kosa hilo siku hiyohiyo nikiwa natafuna kiazi.

Nyuma ya tangazo hilo zilikuwa zimejipanga jumbe arobaini na tatu. Wa kumi na moja ulikuwa na namba ya mke wangu. Mwanamume, mzee, kovu sikio la kushoto, sweta ya bluu. Wodi ya tatu, kitanda cha kumi na nne, hospitali ya mji ulio mwendo wa saa nne kwa basi. Aliandikwa Jumanne, siku ya pili tangu apotee.

Nilipiga simu ya hospitali. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hivyohivyo. Kulitengeneza kosa kulinichukua dakika nne, niliziangalia. Nikaifungulia foleni, jumbe zote zikaondoka kwa mpigo, na hata sijainuka kitini mke wangu alikuwa ananipigia.

"Baba watoto, amepatikana," alisema. Alikuwa analia na kucheka. "Mashine yako imempata baba." Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akipiga vigelegele kwa sauti iliyokauka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, nikalimeza. Nilimwambia ajiandae, nampitia, twende.

Kwenye basi alipakata mfuko. Alikuwa ameweka shati jeupe la baba yake lililopigwa pasi, kandambili, na wembe mpya, kwa kuwa mzee, alisema, hapendi ndevu na siku kumi si mchezo. Aliongea njia nzima. Tutanunua kufuli la geti. Chumba cha watoto kitakuwa cha mzee, kiko mbali na mlango wa mbele. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo, na kila tulipopata mtandao nilipiga hospitali, na kila nilipopiga hakuna aliyepokea. Nilijiambia siku nane si nyingi. Nilijiambia hospitalini kuna chakula na dawa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Kitanda cha kumi na nne kilikuwa na kijana mwenye mguu wa plasta. Muuguzi alitujia, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Mnamtafuta nani?"

"Mzee mwenye kovu sikioni," mke wangu alisema. "Mimi ni binti yake."

Muuguzi aliivua miwani. "Kaa hapa, mwanangu," alisema, na kuvuta kiti, nami nikajua. "Mzee ametutoka juzi, alfajiri. Kifua kilimbana tangu Jumamosi. Tulijitahidi. Pole sana."

Mke wangu hakulia hapo. Alikaa na mfuko wake mapajani, na aliponyanyua uso aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja kwa saa nne.

"Aliletwa lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Alipanda lori huko kwenu, wakadhani ni abiria tu, anawaelekeza njia vizuri. Walipofika huku wakagundua hajui anakoshuka. Dereva mwenyewe ndiye aliyemleta." Muuguzi alifungua daftari kubwa, akaweka kidole. "Nilimwandika mimi kwenye ile tovuti, siku hiyohiyo, saa tano asubuhi. Kwa kawaida ndugu wanafika baada ya siku moja au mbili. Kwa huyu tulishangaa."

"Alikuwa anaongea?"

"Vizuri tu, mpaka Jumamosi. Jina ndilo hakulijua. Kila nikiingia zamu ananiuliza kama barabara imefunguliwa. Nikimjibu imefunguliwa, anasema basi watafika."

Mke wangu aliitazama simu yake, ule ujumbe wa asubuhi hiyo, kisha akalitazama daftari. Kazi yangu haijui, lakini tarehe anazisoma kama mtu yeyote.

"Siku ya nne nilikwambia tuzunguke hospitali."

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba zote zinaandika."

"Na kweli waliandika," alisema.

Pale kwenye korido, kati ya kapu la mashuka machafu na mlango wa choo, nilimweleza yote. Taa, Kijani, mstari nilioutoa mwisho nikauweka mwanzo, hata ile chai. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza, na ningeona nafuu kama angenipiga kofi.

"Kwamba baba amefariki, nitamwambia mama mimi," alisema. "Hilo lingine utamwambia wewe."

Tulirudi na mwili asubuhi iliyofuata. Nyumba ilikuwa imejaa watu, viti vya kuazima vimepangwa mpaka barabarani. Mke wangu aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa humo kitambo. Kilio kilipanda, kikatulia. Alipotoka alinipita bila kunitazama na kuuacha mlango wazi.

Nilivua viatu, nikaketi chini karibu na mlango, mbali kidogo, kama mkwe anavyoketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Neno "mwanangu" lilinikata. Nilikuwa nimepanga hotuba, yenye foleni ndani yake na dirisha la huduma, lakini ilinitoka yote kichwani. Nikasema: "Mama, mashine ilimwona baba tangu Jumanne, siku ya pili. Ikashindwa kutuambia, ujumbe wake ukawa wa kumi na moja kati ya zilizokwama. Na mimi nilikuwa nimeifundisha kusema imemaliza kabla haijamaliza, ili bosi wangu afurahi. Ndiyo maana sikujua."

Alikuwa anakunjakunja ncha ya mtandio wake, anaikunjua, anaikunja.

"Kwa hiyo kila nilipokuuliza."

"Kila uliponiuliza, mama, alikuwa kule, hai. Mpaka Jumatatu hii."

Sikuomba msamaha. Neno samahani ni la mtu aliyekukanyaga mguu. Nilitazama sakafu, nikasikia nje mtu akigawa vikombe.

"Umesema mume wangu alikuwa wa kumi na moja," alisema mwishowe. "Hao wengine ni watu wa nani?"

"Watu mbalimbali, mama. Wako arobaini na wawili. Lakini jana zile jumbe zote ziliondoka. Wameshapata habari."

"Wamepata habari gani?"

"Kwamba ndugu yao ameonekana. Waende haraka."

"Kama mwanangu alivyoambiwa."

Nilinyanyua uso. Naapa sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimeifungulia foleni kama mtu anayezibua bomba, nikafurahi maji yametoka, na kumbe nyumba arobaini na mbili zilikuwa zimepiga vigelegele saa ileile na yetu. Watu walikuwa barabarani na mashati yaliyopigwa pasi, wanakwenda kwenye vitanda vya wiki iliyopita, na hakuna aliyewaambia kwamba habari ile ilikuwa imelala.

"Usikae kwenye msiba wangu," mama mkwe alisema. Hakupaza sauti. "Nenda kazini kwako. Uwapigie mmoja mmoja, kwa mdomo wako, uwaambie siku."

"Mama, mazishi ni saa kumi."

"Najua mazishi ni saa ngapi."

Nilivaa viatu mbele ya watu wote. Shemeji mmoja aliniuliza naenda wapi na shughuli ndiyo hii, nikamalizia kufunga kamba. Mke wangu alikuwa amesimama pale getini akipokea wageni. Alisogea kidogo nipite.

Ofisini Kijani alikuja akasimama kando ya meza yangu. Alinipa pole ya msiba, akakohoa, akasema kwamba kuwapigia watu sasa ni kuwatia hofu, na ofisi ina jina lake. Nilimwambia aondoke mbele yangu, na akaondoka. Kila namba nilianza na hospitali. Nilishika simu mpaka wakapokea, nikauliza mtu wao yuko hali gani, ndipo nikawapigia ndugu. Wengine walikuwa wameshafika na wamewakuta wazima, wakanishukuru mno, na shukrani zao zilinichoma kuliko matusi. Wawili walinitukana, na mmoja alikata simu nikiwa katikati ya sentensi.

Saa kumi, walipokuwa wakimzika mzee, nilikuwa kwenye namba ya kumi na tisa. Hospitali ilikuwa imeshanijibu, na kunipa pole. Mwanamke alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, akaniambia nisimweke sana, yuko kwenye basi, jana alikosa usafiri lakini sasa bado kidogo tu afike kwa mumewe. Nilimwuliza amesafiri na nani. Akasema yuko peke yake, akaniuliza kwani vipi.